Kelele za darasani huzaliwa wapi?

Darasa langu la kwanza lilikuwa la nne B, wilayani Muheza, Tanzania: watoto 94, madawati 28. Walikaa watatu watatu, na kule nyuma wanne wanne. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na andalio la somo lililopigiwa mistari kwa rula. Mada ya siku hiyo ilikuwa kugawanya kwa baki. Nikaeleza, nikaonyesha mifano miwili ubaoni, nikaona nyuso zimeelewa. Nikaandika maswali matano, nikaketi, kisha nikatamka maneno ambayo sijayasahau: "Atakayemaliza alete daftari nisahihishe."

Dakika kumi baadaye mezani kwangu palikuwa kama kisimani wakati wa kiangazi. Wa mbele wameniegemea mabega, wa nyuma wanasukuma, mmoja amekanyagwa kidole, kofi limelia. Waliobaki kwenye madawati hawanioni na mimi siwaoni, maana kati yetu kuna ukuta wa mashati meupe. Mwalimu wa darasa la jirani aliingia bila hodi, fimbo kwapani. Hakusema neno. Watoto walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na kimya kikatanda. Akiwa anatoka aliniinamia: "Mdogo wangu, hawa bila bakora huwawezi." Nilimwamini kwa miaka miwili.

Nilichelewa sana kuona kwamba fujo ile niliipanga mwenyewe. Watoto 94, mwalimu mmoja, kalamu nyekundu moja. Ukisahihisha kila daftari kwa dakika moja tu, unahitaji zaidi ya saa moja na nusu, na kipindi ni dakika 40. Kwa hiyo agizo langu, likitafsiriwa kwa hesabu ya kawaida, lilisema hivi: zaidi ya nusu yenu simameni kwenye foleni isiyofika popote, mbanane, msiwe na la kufanya. Watu wazima wakiwekwa hivyo mbele ya dirisha la benki watagombana. Hawa walikuwa na miaka kumi.

Ukimwuliza mwalimu wa kwetu habari za usimamizi wa darasa, mara nyingi atakujibu habari za adhabu: fimbo au hapana fimbo, kupiga magoti, kufyeka majani, kuita mzazi. Mazungumzo yetu yote huanzia pale ambapo mtoto amekwisha kukosea. Nyuma ya hapo hatuendi, na huko nyuma ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Aliyeligeuza swali hili ni mwanasaikolojia wa Kimarekani, Jacob Kounin, wa Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit. Alikuwa akifundisha, akamwona mwanafunzi mmoja anasoma gazeti, akamkemea. Akagundua kwamba waliobadilika hawakuwa yule wa gazeti peke yake. Hata wasio na kosa waliketi wima na macho yakarudi mbele. Akataka kujua ni kukemea kwa namna gani kunakofaa zaidi: kwa ukali, kwa upole, kwa kufafanua kosa? Yeye na wenzake walilifuatilia swali hilo kwa miaka, hatimaye wakarekodi madarasa ya shule za msingi kwa kamera na kuhesabu kila kilichotokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalikuwa kinyume cha walichokuwa wanakitafuta. Namna mwalimu anavyokemea haikuonyesha uhusiano wa maana na utulivu wa darasa lake. Walimu wenye madarasa tulivu na wale wenye vurugu walikuwa wakikemea kwa njia zilezile.

Walitofautiana kwa yale waliyokuwa wakiyafanya kabla kitu hakijaharibika. Wale wa madarasa tulivu walijua kinachoendelea kila kona, na watoto walijua kwamba wanajua. Waliweza kumsikiliza mtoto anayesoma huku mkono ukimzuia mwingine asimchokoze jirani, somo lisisimame. Hawakulikatakata somo kwa matangazo na mahubiri. Na walihakikisha kila mtoto ana jambo la kufanya, hata anapojibu mwenzake.

Sasa mbona fimbo inaonekana kufanya kazi? Niliiona kwa macho yangu, kimya kilishuka. Hapa kuna mtego unaostahili kuangaliwa polepole. Mwalimu hachukui fimbo kelele zikiwa ndogo; huichukua zikifika kileleni. Na kelele zilizofika kileleni zina kawaida ya kushuka hata zikiachwa, kwa sababu watoto huchoka na kichekesho huisha. Kwa hiyo sehemu ya utulivu ule ungekuja wenyewe, lakini sifa zote zinaandikwa kwa fimbo. Upande wa pili, siku darasa limetulia kupita desturi yake mwalimu anawasifu, kesho yake wanarudi kwenye kelele zao za kila siku, naye anasema, "Si mnaona? Ukiwasifu wanadeka." Ongeza na hili: fimbo inalipa papo hapo, wakati kulipanga darasa vizuri kunalipa baada ya wiki tatu. Hivyo mwanafunzi mwepesi kuliko wote mbele ya fimbo ni yule aliyeishika.

Kisheria nchi zetu zimekwenda njia mbalimbali. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaweka wazi haki ya mtu kutopewa adhabu ya mwili. Uganda iliandika katazo hilo kwenye sheria yake ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Tanzania Bara bado inaruhusu, lakini si kama wengi tunavyodhani: kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Kupita na fimbo kwapani darasa hadi darasa hakumo.

Ila katazo peke yake halijazi pengo. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi ziligawanywa kwa kura. Nusu zikapata programu ya Good School Toolkit ya shirika la Raising Voices, inayofanya kazi na walimu, wanafunzi na uongozi wa shule pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, watoto waliosema walipigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye programu, na asilimia 49 katika shule nyingine. Punguzo hilo ni kubwa. Lakini isome ile 31 tena: hata palipofanyiwa kazi, karibu theluthi ya watoto walipigwa katika wiki moja tu. Mwalimu aliyenyang'anywa fimbo bila kuwekewa kitu kingine mkononi atabaki na makofi, matusi na kufinya masikio.

Kitu hicho kingine ni nini? Fundi cherehani atakwambia nguo haipasuki katikati ya kitambaa, hupasukia kwenye mshono. Kipindi nacho ni hivyohivyo. Tazama darasa lolote kwa wiki moja utaona kelele haziji watoto wanapofanya kazi wanayoiweza. Huja wanapoingia, wanapogawiwa daftari, wanapotoka kwenye kusikiliza kwenda kwenye kuandika, mwalimu anapogeuka kufuta ubao, na pale wepesi wamemaliza huku wazito wako swali la pili.

Chukua daftari. Nilikuwa nikiita majina: "Asha! Bakari! Chiku!" Kila jina sekunde tatu, mtoto anapita katikati ya madawati kuja na kurudi. Majina 94 ni karibu dakika tano. Kukusanya ni nyingine tano. Robo ya kipindi imeliwa na makaratasi, na katika robo hiyo watoto 93 kila wakati hawana kazi. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anafundisha la pili, mtu mpole ambaye hakuwahi kusikika akipaza sauti, alinionyesha alivyofanya. Daftari zilipangwa kwa safu, kila fungu limefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na mtoto wa dawati la mbele wa safu hiyo analichukua akiingia mlangoni na kulipitisha nyuma. Lilichukua muda wa kuvuta pumzi mara chache. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akacheka, akasema kwao walikuwa watoto tisa na sahani ziligawiwa hivyo.

Halafu kuna maagizo. Sikiliza hili: "Toeni daftari, andikeni tarehe, halafu tutafanya namba moja mpaka tano, ila namba tatu msifanye, na mtumie penseli." Neno la kwanza likishatoka, mabegi yanafunguliwa, vifuniko vya madawati vinagonga, na yote yaliyofuata hakuna aliyeyasikia. Kisha watoto 40 wanauliza, "Mwalimu, namba ngapi?" na wewe unakasirika kwamba hawasikilizi. Geuza. Sema kwanza kazi yote, mikono yao ikiwa mezani. Mwite mmoja airudie. Ndipo useme, "Haya, toeni daftari." Na "tulieni!" si agizo, ni malalamiko, mtoto haelewi afanye nini hasa kwa mwili wake. "Kalamu chini, macho ubaoni" linafanyika.

Kuhusu ubao sina mengi. Andika kabla ya kipindi ukiweza. Usipoweza, simama kwa ubavu, nusu ya uso ukiwa kwao, wala usiandike zaidi ya mistari mitatu bila kugeuka.

Na ile foleni yangu ya kusahihisha niliiua siku moja kwa kukataa kuketi. Kalamu nyekundu inatembea kwenye madawati, daftari halitembei. Nasahihisha swali la pili na la tano tu, maana hayo yananionyesha nani ameshika njia na nani kanakili. Mengine wanabadilishana daftari na kusahihishiana majibu yakiwa ubaoni. Aliyemaliza mapema anajua pembeni mwa ubao kuna swali la sita, gumu, lisilo na alama, na baada ya muda watoto walikuwa wanaharakisha yale matano ili walifikie hilo moja. Hili la mwisho sikulitegemea.

Lakini kutembea kunataka njia. Madarasa yetu mengi madawati yamesukumwa hadi ukutani, na kati ya safu na safu mtu mzima anapita kwa ubavu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2003 ambapo wanafunzi wa msingi waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, ule uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 umebaki kuwa namba ya kwenye makaratasi katika shule nyingi. Ndiyo maana miongozo mingi iliyoandikwa kwa darasa la watoto 25 hutuchekesha. "Panga viti nusu duara." Viti gani? Hata hivyo, njia moja ya katikati inapatikana, hata kwa kuwabana wengine kidogo. Pale usipofika kwa miguu hapana mwalimu. Nilipoanza kufundisha nusu ya kipindi nikiwa nimesimama nyuma, niligundua watoto wanne wa dawati la mwisho kabisa walikuwa hawauoni ubao. Mwaka mzima tuliwaita watundu.

Hapa turudi kwa Kounin. Alionyesha makosa mawili yanayomvunjia mwalimu heshima upesi: kumwadhibu asiyehusika, na kuchelewa hadi jambo limeenea. Juma anamfinya Rehema, Rehema anapiga ukelele, mwalimu anageuka na kumsimamisha Rehema. Watoto kumi waliona. Kumi hao wamejifunza kwamba mwalimu haoni, na si lazima uwaambie cha kufanya na maarifa hayo.

Ndiyo sababu sina imani na orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma kwetu anaijua: mwalimu anatoka kwenda ofisini, monita anabaki na karatasi, anaandika majina, na anayerudia anawekewa alama ya mkasi pembeni. Mwalimu akirudi, orodha inasomwa kama hukumu. Nami niliwahi kuwa monita, kwa hiyo nasema ninalolijua. Majina yalifutika kwa kipande cha embe. Dada wa mtu aliyenisengenya alipata mikasi mitatu bila kufungua mdomo. Mtoto wa miaka kumi na moja amepewa cheo cha polisi, shahidi na karani kwa wakati mmoja, halafu tunashangaa ukubwani akikaa kwenye dirisha la ofisi ya umma anatarajia embe. Monita apewe kazi: daftari, chaki, dasta, kuongoza zoezi mwalimu akichelewa. Kelele za wenzake si mzigo wake.

Jambo lililo tajiri kuliko yote kwangu ni maswali. Tazama tofauti hii ndogo. "Juma, saba mara nane?" Jina likitangulia, watoto 93 wamepewa ruhusa ya kupumzika. "Saba mara nane?" Kimya. Subiri. Macho yanazunguka. "... Juma." Sasa 94 wamefanya hesabu, kwa kuwa hakuna aliyejua atatajwa nani. Ni maneno yaleyale, yamebadilishwa mpangilio.

Ule ukimya wa katikati una historia yake. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, alipima na kukuta walimu wengi baada ya kuuliza husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujijibu wenyewe. Walipojifunza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa hawanyooshi mikono wakaanza kunyoosha, na utovu wa nidhamu uliohitaji kukemewa ukapungua. Sekunde tatu ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya watu. Jaribu. Mimi nilikuwa nahesabu vidole nyuma ya mgongo.

Tatizo letu ni kwamba tumezoea kwaya. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" "Kuna swali?" "Hapanaaa!" Sauti ni tamu, hata mkaguzi akipita dirishani anafurahi. Lakini ndani ya kwaya mtoto asiyejua anajificha vizuri kuliko chini ya kitanda. Kwaya inafaa kwa jedwali la kuzidisha na kwa kuamsha waliosinzia saa nane mchana. Kwa kupima uelewa haifai kitu. Afadhali kila mtoto aandike jibu kwenye kipande cha karatasi au kiganjani kwa kalamu, anyanyue; kwa kutupa jicho mara moja unajua theluthi wamepotea.

Hilo linanipeleka kwenye darasa lisilozungumzwa katika mada hii, kwa sababu halina kelele. Kidato cha kwanza, mwezi wa pili. Watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wamehamia Kiingereza baada ya miezi michache tu ya kukaa nyumbani. Darasa limetulia kama msikiti kabla ya adhana. Mwalimu anaandika, wao wananakili, hata koma hawaachi. Ofisini tunasema, "Hawa wana nidhamu." Kaa nao wiki mbili kisha uulize swali moja dogo la maana, si la kukariri. Utaona wanavyokutazama. Asiyeelewa lugha ya somo ana njia mbili, kuchokoza au kuzimia macho wazi, na waoga huchagua ya pili. Nimeona walimu wawili waliolifungua darasa kama hilo kwa kuwaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili wawili wawili kwa dakika mbili, kisha jibu lije kwa Kiingereza, sentensi moja. Kelele zilipanda. Kiranja mkuu alikuja kuchungulia kama kuna mwalimu ndani.

Kelele za kazi na kelele za uvivu hazifanani mlio. Mwenye mazoezi anazitambua akiwa barazani: za kazi zinapanda na kushuka, zina maswali ndani yake; zile nyingine zinapanda tu.

Yapo yaliyo juu ya mwalimu. Mtoto ambaye hajala tangu jana jioni hatulizwi na mpangilio wa daftari. Joto la mabati saa nane mchana halina mbinu. Na masika Muheza mvua ikipiga bati lisilo na dari, hata uwe na sauti ya muadhini hakuna anayekusikia. Nilipokuwa mgeni, mvua ilikuwa na maana ya dakika 20 za vita. Sasa kabatini nina bahasha kubwa ya kaki imeandikwa MVUA. Ndani yake mna kadi za maswali, kila dawati kadi moja, nilizoziandika wakati wa likizo. Wingu likishuka upande wa milima ya Amani nazitoa na kuziweka mezani. Matone ya kwanza yakigonga, watoto wa mbele wanasimama wenyewe kuchukua za safu zao, mimi nageuka kufunga dirisha, na nikirejea kuangalia wamekwisha inamia.